Mtoto Wetu Asomee Uuguzi? Maneno kwa Wazazi na kwa Wanafunzi

Jumapili moja, tulipokuwa tukitoka kanisani baada ya Misa ya pili, baba mmoja wa parokia yetu alitushika mkono akasema: «Mwalimu, tuna shauri nyumbani. Tafadhali, uje utusaidie.» Tukaenda jioni. Tuliwakuta watu watatu wakitungoja: baba mwenyewe, mama wa nyumba, na binti yao wa kwanza. Mama ni muuguzi. Ni miaka 22 sasa anafanya kazi katika kituo cha afya mlimani, na watoto wa kwanza aliowapokea kwa mikono yake wamekwisha kuwa watu wazima. Binti naye alipata diploma ya uuguzi mwaka jana. Mezani palikuwa na diploma hiyo ndani ya mfuko wa plastiki, na kando yake karatasi ya kuuza shamba la mikaratusi, ambayo ilikuwa haijatiwa sahihi bado.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Mtu mmoja wa mjini aliahidi kumpatia binti kazi katika shirika la misaada, ila kwanza apewe pesa «za kufungua mlango». Baba alikuwa tayari kuuza shamba. Mama alikataa. Akasema: «Miaka 22 nimetumika, na Serikali haijanipa hata namba. Kama mimi niliyezoea kazi niko hivi, huyu anayeanza atapata nini? Tena mikaratusi ikiisha, wadogo zake watalipiwa masomo na nini?» Binti alikuwa akitazama chini, asiseme neno.

Hatukutaka kujibu upesi. Tuliwaomba wangoje majuma mawili, tupate kuwauliza wenye kuijua kazi hii. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyakusanya, maana twajua kwamba shauri la nyumba ile ni shauri la nyumba nyingi katika nchi yetu.

WAMEZIDI AU WAMEPUNGUA?

Ukiuliza mjini Bukavu, Goma, Butembo au Lubumbashi, utaambiwa: «Wauguzi wamezidi.» Ukiuliza ndani ya msitu wa Shabunda, au juu ya milima ya Itombwe, utaambiwa: «Hatuna muuguzi.» Nani asema kweli? Wote wawili wasema kweli.

Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tuliitalo OMS, lilitoa taarifa mwaka 2025 kwamba katika mwaka 2023 dunia nzima ilikuwa na wauguzi milioni 29,8, na kwamba walikuwa wakihitajiwa wengine milioni 5,8. Upungufu huo si wa mbali. Sehemu yake kubwa iko katika bara letu. Hakuna zoni ya afya huku Kivu isiyokuwa na akina mama wanaojifungua usiku, watoto wenye malaria, na wazee wenye vidonda. Kazi ya kuuguza haijapungua hata siku moja.

Basi kwa nini vijana wenye diploma wanakaa nyumbani? Ni kwa sababu kazi na mshahara ni vitu viwili. Kazi huletwa na wagonjwa. Mshahara huletwa na mtu mwenye kulipa. Wagonjwa ni wengi, wenye kulipa ni wachache. Mzazi asiyetofautisha mambo hayo mawili atamwambia mtoto wake: «Somea uuguzi, wagonjwa hawaishi kamwe», na atashangaa baadaye.

HESHIMA YA KAZI HII

Kabla ya kuhesabu pesa, tukumbuke kwanza heshima. Nchi yetu ilipopata Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa bado na daktari Mkongo aliyehitimu katika chuo kikuu cha hapa nchini. Ghasia za mwezi wa Julai zilipoanza, madaktari wengi wa Kibelgiji walikwenda zao. Ni nani waliobaki kitandani pa mgonjwa? Ni wasaidizi wa madaktari na wauguzi Wakongo. Wao ndio walioshika funguo za hospitali na za dispansari, na makumi ya wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa kwa msaada wa OMS ili wamalizie masomo ya udaktari.

Tena mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, ulitokea ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, nao ukaitwa baadaye Ebola. Kati ya watumishi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Mwaka 1995 ugonjwa uleule ulifika Kikwit. Masista 6 kutoka Italia, wa shirika la Masista wa Maskini wa Bergamo, walikufa kwa kuwauguza wagonjwa na kuuguzana wao kwa wao. Mwaka 2021 Kanisa lilitambua rasmi fadhila zao za kishujaa.

Lakini Yambuku inatufundisha neno la pili ambalo tusilifiche. Ugonjwa ule ulienea sana kwa sababu sindano chache zilitumiwa kwa wagonjwa wengi bila kutakaswa vema. Waliozitumia walikuwa watu wa moyo mwema. Moyo mwema peke yake hautoshi. Muuguzi asiyejua kazi yake aweza kumdhuru yule yule anayempenda. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mzazi alitazame ni shule.

SHULE NA DIPLOMA

Wasomaji wengi wanazijua ngazi. Iko shule ya sekondari ya uuguzi, ITM, ambayo iko chini ya Wizara ya Afya na kumpa mwanafunzi diploma ya A2. Iko shule ya juu, ISTM, iliyo chini ya Wizara ya Elimu ya Juu. Zamani ISTM ilitoa kwanza gradua ya miaka 3, ndiyo A1, kisha lisansi ya miaka 2 zaidi. Tangu utaratibu mpya wa LMD ulipoenezwa, katika mwaka wa masomo 2021-2022, mwanafunzi anaanza moja kwa moja lisansi ya miaka 3.

Katika miaka hii shule za uuguzi zimeongezeka kama uyoga baada ya mvua. Nyingine ni nzuri sana. Nyingine zina ubao wenye jina mlangoni, na hazina hospitali ya kuwafanyisha wanafunzi staji. Mzazi asione haya kuuliza: Wanafunzi wenu wanafanya staji wapi? Kitandani pa mgonjwa wanasimama wangapi kwa mara moja? Ni nani anayewaongoza? Kijana aliyefanya staji pamoja na wenzake thelathini mbele ya mgonjwa mmoja ameona migongo ya wenzake, hakumwona mgonjwa.

Tena kuna sheria. Sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016 iliunda Ordre ya Wauguzi, na kuagiza kwamba kila muuguzi aandikishwe ndani yake kabla ya kufanya kazi. Vijana wengi wanaona kwamba ni gharama ya bure. Wanakosea. Mwajiri mwenye busara huomba kwanza uthibitisho huo, na asiyekuwa nao amewapa wengine nafasi yake.

MIJITO MINNE YA MSHAHARA

Sasa tueleze jambo ambalo wazazi hawaelezwi siku ya kuandikisha mtoto shuleni. Pesa za muuguzi wa Serikali, au wa kituo cha misioni kilicho ndani ya utaratibu wa Serikali, hazitoki katika chemchemi moja. Ni kama mijito minne.

Mjito wa kwanza ni mshahara wa Serikali. Ili uupate, yakupasa kuwa na matrikule, yaani namba ya mtumishi, na tena jina lako liingie kweli katika orodha ya malipo. Maana wako wenye matrikule ambao hawajaliona jina lao katika orodha hiyo. Mjito wa pili ni primu ya hatari, ambayo Serikali huwalipa watumishi wa afya. Wengi wanapata primu hiyo bila mshahara, na wengine wengi hawapati hata mojawapo. Mjito wa tatu ni primu ya mahali: pesa zinazolipwa na wagonjwa hukusanywa, dawa na matumizi hutolewa kwanza, kisha watumishi hugawana kinachobaki. Mjito wa nne ni primu inayotolewa na shirika la misaada, mahali lilipo, na kwa muda lilipo.

Msomaji ataona mara moja jinsi mambo yalivyo. Mahali ambapo mijito miwili ya kwanza imekauka, muuguzi anakunywa katika mjito wa tatu. Na mjito huo unatoka mfukoni mwa maskini. Mavuno yakiwa mabaya, wagonjwa hawaji, au wanakuja bila pesa. Basi nyumbani kwa muuguzi nako chungu hakipandi motoni. Ndiyo sababu yule mama wa parokia yetu, baada ya miaka 22, bado analima muhogo wake mwenyewe kabla ya kwenda kazini asubuhi.

KWA NINI MLANGO HAUFUNGUKI

Wako wanaosema kwamba wazee wamekalia viti vya vijana. Neno hili si la haki, ingawa lina chembe ya ukweli. Ni kweli kwamba katika hospitali nyingi twaona wauguzi wenye mvi ambao umri wa kupumzika umekwisha kuwapita. Lakini waende wapi? Muuguzi mzee anangoja pesa zake za kustaafu, nazo hazifiki. Akiacha kazi leo, kesho hana hata ile primu ndogo ya mahali. Mzee hawezi kutoka, kijana hawezi kuingia, na wote wawili wanateseka mlango mmoja. Kuwagombanisha ni kosa. Yafaa waombe kwa sauti moja, vijana na wazee, kwamba Serikali iwape wazee haki yao. Siku hiyo nafasi za vijana zitaonekana.

Sababu ya pili ni kwamba kila mtu anataka mji. Mjini kuna umeme, kuna shule za watoto, kuna ndugu. Tusiwahukumu upesi vijana wanaoogopa kwenda ndani, kwa maana katika vijiji vingi hofu ya bunduki ni kubwa kuliko hofu ya umaskini. Hata hivyo, matokeo yake tunayaona: mjini mtaa mmoja una dispansari tano zinazong'ang'ania wagonjwa wale wale, na msituni mama mwenye uchungu anabebwa katika machela kwa siku nzima.

MASHIRIKA YANAKUJA, MASHIRIKA YANAKWENDA

Sababu ya tatu yahitaji maneno zaidi. Tangu miaka ya vita, mashirika ya misaada yamekuwa mwajiri mkubwa huku mashariki. Ebola ilipotokea Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 hata Juni 2020, watu 3.470 waliugua, na 2.287 kati yao walifariki. Katika siku hizo wauguzi wengi waliitwa kazini kwa malipo ambayo hawakuwahi kuyaona. Walifanya kazi ya hatari kweli, nao walistahili malipo. Lakini vituo vya afya vya kawaida vilibaki na watu wachache, na malaria na surua hazikungoja Ebola iishe. Ugonjwa ulipokwisha, mikataba nayo ilikwisha.

Mambo yalifanana huko Kamituga, katika nchi ya machimbo ya dhahabu, ambako aina mpya ya mpox ilitambuliwa tangu mwaka 2023, hata OMS ikatangaza hatari ya ulimwengu mzima tarehe 14 Agosti 2024. Wauguzi walihitajiwa upesi, kwa miezi kadhaa.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi wa Januari Marekani, iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya misaada ya kibinadamu kwa nchi yetu, ilisimamisha misaada yake. Mwezi ule ule vita viliingia Goma, na mwezi wa Februari vikaingia Bukavu. Mabenki yakafungwa, na watumishi wengi hawakujua watapokea wapi mshahara wao. Miradi mingi ilifungwa. Wauguzi waliozoea kazi, wenye miaka kumi au kumi na mitano ya ujuzi, walirudi nyumbani na barua ya kuachishwa kazi. Sasa mzee wa kazi na kijana wa jana wanapeleka barua zao katika ofisi moja. Mwenye kuchagua atamchagua nani? Kwa kawaida humchagua aliyezoea kazi, hata kama atamlipa mshahara wa anayeanza. Hivyo kijana hana ujuzi kwa kuwa hana kazi, na hana kazi kwa kuwa hana ujuzi.

Hatusemi haya ili tuyalaani mashirika. Yameokoa watu wengi. Twasema tu kwamba mkataba wa miezi sita ni mvua ya kupita. Aliye na busara hujaza mitungi yake, wala hauzi kisima cha nyumbani.

MILANGO ILIYO WAZI

Je, hakuna mlango hata mmoja? Milango iko, ila si yote inayoelekea barabara kuu.

Kwanza, nchi yetu ina zoni za afya zaidi ya 500, na kila zoni ina hospitali kuu pamoja na vituo vya afya. Kituo cha afya huongozwa kwa kawaida na muuguzi, yule tumwitaye titulere. Kijana anayekubali kwenda mahali ambapo wengine hawaendi, akiwa chini ya titulere mwema, katika miaka miwili atajifunza mambo ambayo mwenzake wa mjini hatayajua katika miaka sita: kupokea mtoto aliyekaa vibaya, kutambua mgonjwa wa kupelekwa hospitali mapema, kutunza dawa na hesabu. Kati ya milango hiyo, ofisi za afya za majimbo ya Kanisa, zile BDOM, zinasimamia hospitali na vituo vingi. Anayetafuta aende huko mwenyewe na diploma yake, na uthibitisho wa Ordre, na barua ya paroko wake inayosema ukweli.

Pili, kuna ujuzi ambao hata mjini haujatosha. Katika hospitali zetu nyingi anayemlaza mgonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa si daktari, ni muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Na wauguzi hao ni wachache. Wakunga waliosoma vema ni wachache. Wanaojua kutunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na wanaojua magonjwa ya macho, ni wachache zaidi. Muuguzi mzoefu aliyeachishwa kazi na shirika, kama ameweka akiba kidogo, atafanya vema kuitumia kwa masomo ya namna hiyo kuliko kufungua dispansari ya sita katika mtaa wenye tano.

Tatu, huko Kolwezi, Likasi na Lubumbashi makampuni ya machimbo yanawahitaji wauguzi kwa afya ya wafanyakazi wao. Mshahara ni mzuri kuliko mahali pengi. Hata hivyo wana wa Katanga wanakumbuka kwamba mwaka 2003 Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10.000, na familia zao zikapoteza pamoja na mshahara hospitali na shule. Hata mkate wa kampuni una mwisho wake.

Nne, wengine wanatazama nchi jirani. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini mtu asidhani kwamba diploma yake inavuka mpaka pamoja naye kama vile mwavuli. Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania kila moja ina baraza lake la wauguzi, ambalo hutazama masomo ya mgeni kabla ya kumruhusu. Tena katika nchi hizo masomo ya uuguzi ni kwa Kiingereza. Kijana mwenye hamu ya huko aanze leo kujifunza lugha, wala asingoje kufika mpakani.

PESA ZA KUFUNGUA MLANGO

Sasa turudi kwa yule mtu wa mjini. Ndugu wasomaji, tuseme bila kuficha: anayeomba pesa ili akupe kazi ni mwizi, hata akivaa tai. Kama hana kazi ya kutoa, anakuibia wewe. Kama anayo, anamwibia yule aliyestahili kuipata, na wewe umemshikia ngazi. Na muuguzi aliyeingia kwa kununua, kesho atawauzia wagonjwa. Atasema: «Nilitoa shamba la baba yangu, sharti nilirudishe.» Atalirudisha kwa nani? Kwa mama aliyeleta mtoto mwenye homa, na ambaye ataombwa pesa za dawa zilizotolewa bure. Hivyo dhambi iliyoanza mezani pa baba inamalizikia kitandani pa mtoto wa mwingine.

Mtakatifu Kamilo wa Lellis, ambaye Papa Pio XI alimweka mwaka 1930 awe msimamizi wa wauguzi, alikuwa yeye mwenyewe mgonjwa wa kidonda cha mguu katika hospitali ya Roma. Kutoka kitandani pake aliona jinsi watumishi waliotafuta pesa tu walivyowatupa wagonjwa. Kwa ajili hiyo alikusanya wenzake wa kuwatumikia wagonjwa kwa upendo. Lakini tusimtumie Mtakatifu Kamilo ili kumnyima muuguzi haki yake! Kumwambia mama mwenye watoto sita: «Tumika kwa upendo», na kumlipa kitu kidogo kisichotosha hata chumvi, hilo nalo ni dhambi. Mtenda kazi ana haki ya ujira wake, na mgonjwa ana haki ya mikono safi. Haki hizi mbili ni dada wa tumbo moja.

MASHAURI YETU

Kwa wazazi: Msimpeleke mtoto kusomea uuguzi kwa sababu ya koti jeupe. Mtazameni kwanza. Je, anaweza kumwosha bibi yake mgonjwa bila kukunja uso? Akiambiwa siri ya mtu, anaitunza? Hesabu anaijua? Asiyekuwa na mambo haya, diploma haitampa. Tena tangu mwanzo fikirini miaka ya masomo pamoja na miaka miwili au mitatu ya baadaye, ambayo atatumika kwa malipo madogo.

Kwa wanafunzi: Weka daftari ya staji yako, uandike kila kazi uliyoifanya, na siku, na mahali, na msimamizi atie sahihi. Mwenye daftari hiyo hawezi kuambiwa kwamba hana ujuzi wowote.

Kwa wauguzi wazoefu: Mfundisheni kijana anayekuja kwenu. Msimwone kama mwizi wa primu. Siku mtakapolala kitandani ninyi, yeye ndiye atakayewachoma sindano.

Kwetu sisi Wakristo wote: Tulipe kituo cha afya kile tunachodaiwa, na tuombe karatasi ya malipo. Tuingie katika mituele ya afya mahali ilipo, ili siku ya ugonjwa isitukute mikono mitupu. Na katika kamati ya afya, ile CODESA, tuchague watu wanaojua kusoma hesabu na wasioogopa kuuliza. Parokia inayolalamika kwamba muuguzi wake mwema amekimbilia mjini ijiulize: alipokuwa hapa, alikula nini?

Majuma mawili yalipotimia, tulirudi katika nyumba ile. Tuliwapa shauri moja tu: yule mtu aandike kwa mkono wake jina la shirika, mahali pa ofisi, na pesa anazoziomba, naye atie sahihi. Baba alimwambia hivyo. Yule mtu alisema kwamba atarudi siku ya tatu, na hajarudi hata leo. Mikaratusi imesimama.

Binti alijiandikisha katika Ordre, akaenda mwenyewe katika ofisi ya afya ya jimbo. Hawakuwa na nafasi mjini. Walimpa kituo cha mbali, safari ya siku mbili, penye titulere mzee na primu ndogo ya mahali, bila ahadi ya matrikule. Baba bado hana hakika kwamba ilikuwa njia bora, na sisi hatukumlazimisha afurahi. Mama yeye bado anangoja namba yake. Asubuhi ya safari alimpa binti saa yake ya mkononi, ile aliyohesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa kwa miaka 22, akamwambia: «Kila ukimshika mgonjwa, hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha mara mbili.»

Wapendwa wasomaji, shauri la mama huyo lawatosha wauguzi wote, wapya na wa zamani. Mungu awape nguvu, na atupe sisi moyo wa kuwatendea haki.